Mlango mzito wa sakafuni: Upunguzie uzito kwanza, mota baadaye

Usiku mmoja mwezi wa Aprili, tumetoka tu kuswali isha, simu yangu ikalia. Alikuwa mdogo wangu wa kike, yule aliyeolewa Mogogosiek, kule kwenye mashamba ya chai ya kaunti ya Bomet. Hata salamu hakuzimaliza. "Kaka, mlango wa stoo umetaka kuniulia mtoto."

Nyumba yao imejengwa kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za upande ule. Mbele ni duka, liko sawa na barabara. Nyuma ardhi inashuka, na chini ya jikoni kuna chumba kilichochimbwa ndani ya mteremko. Humo huwekwa viazi, kabeji, magunia ya mbolea na bidhaa za duka. Zamani chumba hicho kilikuwa na mlango wa nje. Wezi walipouvunja mara ya pili, shemeji akauziba kwa mawe, na njia ikabaki moja: tundu kwenye sakafu ya jikoni, ngazi chini yake, na juu yake mlango wa chuma uliobandikwa vigae ili ufanane na sakafu.

Mlango huo ukitaka kuufungua, unauinua kwa mikono miwili, unauegemeza ukutani, kisha unaufunga kwa kamba kwenye ndoano. Siku ile unyevu ulikuwa umeshaoza ubao ulioshika ndoano. Ndoano ikang'oka, mlango ukaanguka. Mtoto wa miaka minne alikuwa amepita pale hatua moja tu kabla. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia, lakini mama mkwe wa mdogo wangu, ambaye wajukuu humwita Kogo, hakulala usiku ule.

Kesho yake shemeji akanipigia. "Shemeji, wewe ulisomea umeme. Nimeongea na fundi wa mageti. Anasema ataniwekea mota ya kilo 500, nibonyeze kidude tu mlango uinuke. Waonaje?"

Nikamuuliza swali moja: "Mlango una kilo ngapi?" Hakujua. Fundi naye hakujua. Basi nimeona niandike, maana hata huku kwetu Pwani milango ya namna hii ipo tele. Nyumba ngapi za Mombasa zina tangi la maji chini ya ua, na mfuniko wa chuma ambao lazima aitwe kijana wa jirani kuuinua? Ngapi zina mlango wa kutokea juu ya paa ambao mama wa nyumba hauwezi? Siku hizi mota zimekuwa rahisi kupatikana, na kila mtu anataka kubonyeza. Mimi sina ugomvi na mota. Ugomvi wangu ni kuitwika mota kazi ambayo si yake.

Kilo 500 za nani?

Tuanze na mota ya geti. Ile mota unayoiona kwenye mageti ya kusukuma pembeni huandikwa kwamba inabeba geti la kilo 500, au hata zaidi. Maandishi hayo si ya uongo, ila yana maana yake. Geti lile limesimama juu ya magurudumu na reli, na uzito wake wote umebebwa na ardhi. Mota kazi yake ni kulisukuma tu, na mtoto wa shule anaweza kulisukuma geti hilo hilo kwa mkono mmoja ikiwa reli ni safi.

Mlango wa sakafuni ni jambo jingine. Huu hausukumwi, unainuliwa. Ardhi haikusaidii chochote, ni bawaba tu zinazobeba sehemu ya mzigo. Mota ya geti la kilo 500 inaweza kushindwa na mlango wa kilo 70, na fundi akaapa kwamba mota ni mbovu, kumbe ameipa kazi isiyo yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima. Nilipofika Mogogosiek wiki ya pili yake, kabla hata ya kumaliza chai, nilichukua futi. Mlango ni mita 1.2 kwa mita 0.9. Bati la chuma lina unene wa milimita 4. Chuma kina kilo 7,850 kwa kila mita moja ya ujazo, hivyo bati peke yake ni kama kilo 34. Fremu ya vyuma vya pembe ni kama kilo 12. Vigae na saruji yake nikakadiria kilo 24. Jumla 70.

Hesabu ni nzuri, lakini mizani ni bora. Shemeji ana mizani ya kuning'iniza dukani, ya kupimia viazi, ndugu yake na ile wanayopimia majani ya chai. Tukaifunga kwenye ukingo wa mlango, upande ulio mbali na bawaba, tukaivuta juu mpaka mlango ukaachana na sakafu. Ikasoma kilo 37. Kwa kuwa ukiinua kutoka ukingoni bawaba zinabeba nusu na wewe unabeba nusu, mlango mzima ni kilo 74. Saruji ya fundi wa vigae ilikuwa nene kuliko nilivyodhani.

Ishike namba hii ya 37. Ndiyo itakayotuongoza mpaka mwisho.

Mkono wa umeme na hesabu inayowapita wengi

Nilipomweleza fundi wa mageti habari ya magurudumu, alielewa upesi, maana ni kijana mwerevu. Akarudi na kitu kingine: mkono wa umeme, ule wa mageti ya kufunguka kama mlango. Ni bomba la chuma lenye mota ndogo na skrubu ndefu ndani. Mota ikizunguka, mkono unarefuka, ikizunguka kinyume unafupika, kama jeki. Huu ulikuwa umeandikwa niutoni 1,500. Ukigawa kwa 10 kwa makisio ya haraka, ni kama kilo 150. "Mlango ni kilo 74," akasema, "mkono una nguvu mara mbili. Tufunge?"

Hapa ndipo wengi hukosea. Nguvu inayotakiwa haitegemei uzito wa mlango peke yake, inategemea umeusukuma kutoka wapi. Jaribu na mlango wowote wa nyumbani: usukume ukiwa karibu na kitasa, halafu usukume ukiwa karibu na bawaba. Mlango ni ule ule, lakini jasho si lile lile.

Mkono wa umeme hauwezi kufungwa kwenye ukingo wa mbali, kwa sababu mlango ukifunguka ukingo huo unasafiri mbali na mkono ungelazimika kuwa mrefu mno. Fundi alitaka kuufunga sentimita 40 kutoka kwenye bawaba, chini ya mlango. Kilo 37 zilizoko mita 1.2 kutoka kwenye bawaba, ukizileta sentimita 40, zinakuwa mara tatu: kilo 111. Na hiyo ni ikiwa mkono unasukuma wima moja kwa moja. Wake ungekaa mshazari, nyuzi 45, maana upande mwingine umeshikwa na ukuta wa stoo. Mshazari huo unakula nguvu, na kilo 111 zinakuwa karibu 157.

Mkono wa kilo 150 kwa kazi ya kilo 157. Ungenguruma, ungepata moto, na siku ambayo ungefanikiwa kuinua, ungekuwa unafanya kazi kwenye ukomo wake kila mara. Kitu kinachofanya kazi kwenye ukomo hakidumu, na kitakapovunjika, huenda mtu yuko chini yake.

Winchi je? Winchi ya kamba ya chuma ina nguvu, lakini inajua kuvuta tu. Haiwezi kuusukuma mlango urudi chini, na kamba ikikatika au breki ikiteleza, mlango wote unaanguka. Kwa nyumba yenye watoto, mimi siitaki.

Mlango kwanza ubebwe

Tazama lifti. Sisi watu wa Pwani tunapenda kujisifu kwamba Beit el-Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ndilo lililotangulia wengine kwa taa za umeme na lifti. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mota ya lifti ya kawaida haibebi uzito wote wa chumba chake. Upande wa pili wa kamba kuna uzito mwingine unaoshuka chumba kinapopanda, unaolingana na chumba pamoja na karibu nusu ya mzigo wake. Mota inamalizia tofauti tu.

Mlango wa sakafuni unataka ujanja huo huo. Njia ni mbili kubwa.

Ya kwanza ni jiwe la kusawazisha: kamba kutoka kwenye mlango, inapita kwenye kapi ukutani, na upande wa pili inaning'inia uzito ndani ya sanduku. Ni rahisi na haina umeme. Ila ina ila yake. Mlango unavyozidi kuinuka, unazidi kuwa mwepesi, lakini jiwe linabaki na uzito ule ule. Ukifika katikati, jiwe linaushinda mlango na kuubamiza ukutani. Dawa yake ya kale ni kutumia mnyororo mzito badala ya jiwe: unavyoshuka, pingili zake zinalala sakafuni moja baada ya nyingine, na uzito unaoning'inia unapungua sambamba na mlango. Lakini kwa jikoni, kamba inayokatisha hewani juu ya mlango ni ya kumkwaza mtu. Tukaiacha.

Njia ya pili ni springi za gesi, zile fimbo mbili zinazoinua buti ya gari. Ndani yake mna gesi iliyoshindiliwa, na mlango unapofungwa fimbo inabanwa, ukifunguliwa inasaidia kuinua. Nazo huandikwa nguvu yake kwa niutoni. Tulichagua jozi ambayo, kwa mahali tulipozifunga, ingebeba kilo 27 kati ya zile 37 za ukingoni. Zikabaki kilo 10, nazo tuliziacha kwa makusudi. Mlango usiwe mwepesi kabisa, la sivyo hautakaa chini, na mtoto ataufungua.

Kuna jambo ambalo mtu wa Mombasa hawezi kulifikiria mpaka afike kule. Springi nilizinunua Mombasa, kwenye joto la nyuzi 30. Mogogosiek alfajiri baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, ukungu umelala juu ya chai, na unatafuta sweta. Gesi ikipoa, msukumo wake unapungua, na kwa tofauti hiyo ya joto springi hupoteza kama asilimia 7 ya nguvu yake. Kwetu hiyo ilikuwa karibu kilo 2 ukingoni. Si nyingi, lakini mtu aliyepima mchana na kusawazisha bila kuacha nafasi atashangaa asubuhi. Pima wakati wa baridi.

Na tahadhari: springi ya gesi isitobolewe, isichomelewe, isitupwe motoni hata ikizeeka. Ina shinikizo kubwa ndani.

Sasa rudi kwenye hesabu ya mkono wa umeme. Kilo 10 za ukingoni, ukizileta sentimita 40 kutoka kwenye bawaba ni kilo 30, na kwa mshazari ule ule ni kama kilo 42. Mkono ule ule wa kilo 150, uliokuwa haufai, sasa una nguvu zaidi ya mara tatu ya kazi yake. Hatukubadilisha mota, tuliupunguzia mlango uzito.

Umeme ukikatika

Tuliuendesha mkono kwa betri ya volti 12, na umeme wa nyumba kazi yake ni kuichaji betri tu. Hii ni kwa sababu mbili. Moja, jikoni kuna maji, na volti 12 haimuui mtu kama umeme wa ukutani. Mbili, nchi ile ya mvua na radi umeme hukatika, na mlango usiofunguka gizani ni balaa.

Watu huogopa kwamba betri itaisha. Hebu tupige hesabu. Mota ikivuta ampea 6 kwa sekunde 20, inatumia kama sehemu moja ya 30 ya ampea-saa. Betri ndogo ya ampea-saa 7, hata ukiamua kutumia nusu yake tu ili isife mapema, inafungua mlango mara mia hivi. Weka fyuzi karibu na betri, na kichajio chake kiwe na kinga ya radi.

Kasi tuliiacha ndogo makusudi, sekunde 20 kutoka chini hadi juu. Kijana wa nyumba alilalamika kwamba ni polepole. Nikamwambia mlango ule usingekuwa na haraka siku ile, Kogo asingekosa usingizi.

Mambo matano yasiyo na mjadala

Mwaka 1854 mjini New York, Elisha Otis alipanda jukwaa la lifti mbele ya watu, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu likakamatwa na meno ya pembeni. Watu walianza kuziamini lifti kwa sababu ya kile kinachozishika zinapoharibika, wala si kwa nguvu ya mota. Kwa mlango wa nyumbani nami nasema hivyo hivyo. Kabla hujamlipa fundi, hakikisha haya.

Kwanza, chuma cha kuegemeza. Mlango ukifika juu, chuma kijiingize chenyewe mahali pake na kuushika, mpaka mtu akiondoe kwa mkono. Springi zikifa au skrubu ikivunjika, mlango usianguke. Na chuma hicho kifungwe kwenye fremu au zege, si kwenye ubao.

Pili, swichi ya kushikilia. Mlango uende kidole kikiwa kwenye swichi tu, ukiachia usimame. Swichi iwekwe mahali ambapo anayebonyeza analiona tundu lote. Yule kijana alitaka aufungue kwa simu akiwa dukani. Nilikataa, na shemeji akaniunga mkono. Usiuendeshe mlango usiouona.

Tatu, kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa. Mguu au mkono wa mtoto ukiwa ukingoni, mota ikakutana na ukinzani, isimame na kurudi juu. Huwekwa kwa kupima umeme ambao mota huvuta kawaida, na kukata ukizidi kidogo. Hapa ndipo faida nyingine ya kusawazisha: mota yenye kazi nyepesi inajua mara moja ikikutana na kitu. Mota inayohangaika na kilo 157 haiwezi kutofautisha mlango na mkono wa mtoto.

Nne, njia ya kutoka kwa aliye chini. Stoo ile haina mlango mwingine. Mkono wa skrubu ukisimama umekwama, hausukumiki. Kwa hiyo tulifunga ncha yake ya chini kwa pini, tukaipaka rangi nyekundu, na mtu akiwa kwenye ngazi anaifikia. Akiichomoa, mkono unaachana na ukuta, na anausukuma mlango kwa bega. Tukampa kila mtu wa nyumba zamu ya kujaribu, taa zikiwa zimezimwa, mmoja akisimama juu.

Tano, tundu lenyewe. Watu huhangaika na mlango wakasahau kwamba mlango ukifunguka sakafuni kunabaki shimo. Weka kizuizi pande zilizo wazi, na kengele inayolia mlango unapotembea.

Naongeza neno moja la gesi. Shemeji alikuwa akiweka mtungi wa akiba wa gesi ya kupikia kule chini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama kwenye mashimo na vyumba vya chini, na swichi au mota hutoa cheche. Mtungi ulitoka siku hiyo hiyo, kabla hatujafunga waya hata mmoja.

Nani anautumia sasa

Kazi ilituchukua siku tatu, mimi, fundi wa mageti na mchomeleaji wa palepale. Siku ya nne nilimwita Kogo nimwoneshe swichi. Alinisikiliza kwa adabu, akaitazama swichi, akautazama mlango. Kisha akainama, akashika mpini, akauinua mlango kwa mkono mmoja, polepole, chuma cha kuegemeza kikaingia mahali pake. Akageuka akaniuliza, "Sasa hiyo mashine ni ya nini?"

Shemeji alicheka mpaka akakaa. Nilipoondoka mota ilikuwa inafanya kazi vizuri, na mdogo wangu huitumia akiwa na gunia mkononi. Lakini Kogo, ambaye ndiye aliyekuwa anaogopwa kuumia, hana haja nayo. Kama shemeji angekuwa na pesa za jambo moja tu, ningemwambia anunue springi na chuma cha kuegemeza, mota angoje.

Kwetu tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Mara nyingi tunausema baada ya kuacha ndoano kwenye ubao uliooza. Wewe unayesoma hapa Mombasa, Malindi au Lamu, kama una mfuniko wa tangi au mlango wa paa ambao lazima umwite mtu kuuinua, azima mizani ya kuning'iniza leo, uifunge ukingoni, usome namba. Halafu tazama ni kitu gani kinachoushika mlango ukiwa wazi, na kimefungwa kwenye nini. Ukishajua hayo mawili, ndipo umwite fundi wa mota, inshallah mtaelewana.